Mradi wa Mwaka wa Mwisho: Nani Atasimama Mbele ya Kioo?



Wengi wetu hapa Gisenyi tunalipa karo za vijana walio vyuoni, na kila mwaka ifikapo wakati wa mradi wa mwisho tunaombwa fedha zaidi. Tunatoa, lakini hatuulizi mradi wenyewe ni wa nini. Tunasema hayo ni mambo ya wasomi. Mimi nasema hayo ni mambo yetu pia, na nitaeleza kwa nini kwa kutumia habari ya kijana mmoja, mtoto wa dada yangu, ambaye amenipa ruhusa ya kuandika haya ili mradi nisimtaje jina.

Kijana huyu anasoma kompyuta. Wenzake wengi darasani wamechagua miradi ya aina ile ile tunayoisikia kila mwaka: mfumo wa kusimamia duka la dawa, mfumo wa kusimamia hoteli, mfumo wa kusimamia mahudhurio ya wanafunzi. Yeye amependa fani nyingine, ya michoro ya papo kwa papo. Maana yake ni picha ambazo hazikuhifadhiwa mahali popote. Kompyuta inazichora upya muda wote, kwa kufuata mkono wa mtu aliyeshika vitufe. Alikuja kwangu Jumapili mchana, tukakaa nje, akanieleza mpango wake. "Mjomba," alisema, "nataka kutengeneza mchezo wa vita wenye mji mzima ndani yake, na majani yanayopeperuka, na mvua."

Nikamwuliza mji huo una watu wangapi. Akasema elfu moja. Nikamwuliza ana muda gani. Akasema miezi minne, na ndani ya miezi hiyo kuna mitihani.

Mimi ni fundi wa boila. Sijui kuandika programu. Lakini nilimwomba anieleze ugumu wa kazi hiyo uko wapi, naye akanieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Sinema ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde, na kila picha imekwisha kutengenezwa zamani. Hata kama ilichukua siku nzima kuitengeneza moja, mtazamaji hajui. Michoro ya papo kwa papo mara nyingi hulenga picha 60 kwa sekunde, na kila moja lazima iwe imekamilika katika muda usiozidi milisekunde 17 hivi, kwa kuwa haiwezekani kujua kabla mtu atageukia wapi. Picha ikichelewa, kioo kinakwama, na mkono wa mtu unahisi. Sinema ni chakula kilichopikwa jana. Hii ni chapati inayokaangwa huku mteja amesimama na fedha mkononi.

Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye mkanda wa chupa anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mkanda haukungoji. Ukiongeza kazi moja kwenye nafasi yako, lazima upunguze nyingine, la sivyo chupa zinakupita. Kwa hiyo kijana anayetaka majani, mvua, mji na watu elfu moja kwa pamoja, juu ya laptopu ya mitumba isiyo na kadi yake ya michoro, amekwisha kuupoteza mradi kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Atafika mbele ya waalimu na nusu ya mji, inayokwama.

Hata hivyo ukubwa siyo kosa lililonisumbua zaidi. Nilimwuliza swali moja tu: siku ukiumaliza, nani atasimama mbele ya kioo? Akafikiri, akasema: "Waalimu watatu, na rafiki zangu." Hapo ndipo tulipoanza kubishana.

Watu wengi hudhani fani hii ililelewa na michezo peke yake. Siyo kweli. Ivan Sutherland, aliyeonyesha mwaka 1963 kwamba mtu anaweza kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta, alianzisha kampuni pamoja na David Evans huko Marekani mwaka 1968, na kazi ambayo kampuni hiyo ilijulikana nayo kwa miaka mingi ilikuwa kuchora picha za mitambo ya kuwafundishia marubani. Rubani aliketi ndani ya chumba kisichoruka, akaona kiwanja cha ndege mbele yake, akashika usukani. Akikosea, alikosea bila kuua mtu. Yaani moja ya kazi za kwanza kubwa za picha hizi ilikuwa kumfundisha mfanyakazi mambo ya hatari kabla hajakutana nayo. Rubani ni mfanyakazi. Je, sisi wengine tulipata lini mtambo wa namna hiyo?

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Nilipokuwa fundi kijana, mbali na hapa, katika kiwanda ambacho sitakitaja, tulikuwa na mchoro wa mabomba ya mvuke umebandikwa ukutani. Ulikuwa nakala ya nakala, maandishi ya Kifaransa yamefifia, na kila bomba lilichorwa kama mstari mnyoofu. Asubuhi moja ya Jumatatu, baada ya mapumziko ya siku mbili, mwenzetu mmoja mgeni katika zamu alitumwa kufungua vali kuu. Msimamizi alikuwa na haraka. Mwenzetu akaizungusha gurudumu lake kwa nguvu zake zote, kama mtu anayefungua bomba la maji ya bustani.

Wanaojua mvuke wanajua kilichofuata. Bomba lililopoa hugeuza mvuke kuwa maji, na maji hayo hukaa chini, mahali bomba lilipolegea. Ukifungua polepole, na ukaacha wazi kijibomba cha kutolea maji, maji hutoka, bomba linapata joto, hakuna shida. Ukifungua ghafula, mvuke huyasukuma maji yale yote kama risasi. Katika bomba kuu mvuke kwa kawaida hukimbia mita 25 hadi 40 kwa sekunde, yaani kasi ya gari lililo katika barabara kuu, na donge la maji likipata kasi ya karibu na hiyo, halikati kona. Linaigonga. Mafundi huiita nyundo ya maji. Siku ile gasketi ya kona ilipasuka na mwenzetu akaungua mkono na upande wa uso. Alipona, lakini hakurudi katika kazi ya boila.

Uchunguzi ulifanyika, na karatasi ikaandikwa kwamba mfanyakazi "hakufuata mchoro". Hapo ndipo uchungu wangu ulipo hadi leo. Mchoro ulikuwa umefuatwa! Vali iliyotajwa ndiyo iliyofunguliwa. Kilichokosekana kwenye mchoro ni muda. Karatasi haiwezi kuonyesha tofauti kati ya kufungua vali kwa sekunde tano na kuifungua kwa dakika kumi, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ngozi ya mtu.

Sasa mwanafunzi wa michoro ya papo kwa papo anaweza kuonyesha kitu hicho hasa. Nilimwambia mpwa wangu: achana na mji. Nipe bomba moja la mita ishirini, kona moja, mahali pamoja palipolegea, kijibomba kimoja cha kutolea maji, na gurudumu moja ambalo mwanafunzi wa kazi atalizungusha mwenyewe kwa kipanya. Akizungusha haraka, aone maji yanainuka, yanakimbia, yanapiga. Akizungusha taratibu, aone bomba linabadilika rangi polepole kwa joto na maji yanatoka nje. Arudie mara kumi. Arudie mara mia. Hakuna atakayeungua.

Kwanza alicheka. Alisema: "Mjomba, bomba moja? Waalimu wataniona mvivu." Baadaye alinyamaza kidogo, akachukua karatasi akaanza kuhesabu, nami nikajua kwamba limemwingia. Kumbe ndani ya bomba moja kuna kazi ya kutosha. Maji na mvuke lazima vihesabiwe kwa hatua ndogo ndogo za muda, na hatua hizo zisitegemee wepesi wa kompyuta. Jambo hili alinieleza yeye, nami nikalipenda sana: kompyuta ikiwa dhaifu, inaruhusiwa kuruka picha moja au mbili, lakini saa ya mvuke haipaswi kupungua mwendo. Ikipungua, mwanafunzi wa kazi atafundishwa kwamba kuna muda ambao kwa kweli haupo. Waandishi wa michezo wengi wachanga hukosea hapo, na katika mchezo si neno. Adui anatembea polepole kidogo, basi. Katika bomba ni uongo wa hatari.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la uongo. Picha nzuri huaminiwa. Karatasi iliyofifia kila mtu anaitilia shaka, lakini kitu kinachong'aa na kwenda kwenye kioo kinaonekana kama ukweli wenyewe. Kwa hiyo anayechagua mradi wa namna hii lazima aketi na wanaojua kazi, na kuwauliza, na kuwarudia tena wamwambie palipokosewa. Aandike pia wazi kwenye kioo kwamba hii ni picha ya kufundishia, siyo kipimo cha bomba fulani katika kiwanda fulani. Mwanafunzi atakayefanya mradi wote chumbani kwake bila kumwona fundi hata mmoja, mimi siko pamoja naye hata picha zake zikiwa za ajabu.

Kwa sababu hiyo hiyo nilimkatalia mradi wa pili aliouleta, nao ulikuwa unavutia kuliko wa kwanza. Alisema: "Basi nichore Nyiragongo." Ndugu wasomaji, kila kijana wa hapa anataka kuchora Nyiragongo! Na ni haki yao. Wanakumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, anga jekundu upande wa Goma, watu wakivuka mpaka na magodoro kichwani, na matetemeko ya siku zilizofuata yaliyopasua nyumba hapa Rubavu. Lakini nani atasimama mbele ya kioo hicho, na atafanya nini baada ya kukitazama? Picha ya lava inayoingia mtaa fulani, iliyotengenezwa na mwanafunzi kwa kukisia, ikitoka chuoni na kuingia kwenye simu za watu, inaweza kutoa watu majumbani mwao bila sababu, au, vibaya zaidi, kuwaambia kwamba mtaa wao uko salama. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa volkano, na mwanafunzi awasaidie kama wakimwita.

Kuhusu ziwa lenyewe nilisita zaidi. Kivu lina kina cha mita 485 hivi, na chini yake kuna gesi nyingi iliyoyeyuka katika maji: methani kilomita za ujazo 60 hivi, na hewa ya kaboni mara tano ya hiyo. Tangu miaka ya 1960 gesi kidogo ilichotwa Rubona kwa ajili ya boila za kiwanda cha bia. Leo kuna KivuWatt ya megawati 26 kule Karongi, na mtambo wa Shema Power wa megawati 56 hapa kwetu Rubavu. Wote tumesikia habari ya Ziwa Nyos, Kamerun, ambako tarehe 21 Agosti 1986 gesi ilitoka usiku ikaua watu zaidi ya 1,700. Kijana alitaka kuchora Kivu likilipuka. Nilisema hapana, kwa sababu zile zile za lava. Ila kama angetaka kuchora jambo dogo zaidi, yaani jinsi maji ya kina kirefu yanavyopanda yenyewe ndani ya bomba baada ya kuanzishwa, kwa kusukumwa na mapovu ya gesi yake, ili kibarua mpya anayepanda kwenye jukwaa la ziwani ajue anasimama juu ya nini, ningemuunga mkono. Mwingine akiusoma ukurasa huu auchukue mradi huo. Wetu umekwisha kuamuliwa, ni bomba la mvuke.

Sasa vifaa. Wapo wanaomshauri kijana akope fedha anunue kompyuta kubwa. Mimi naona afanye kinyume. Katika ofisi ya tawi tuna kompyuta ya zamani ya kuandikia barua, haina kadi ya michoro ya kuitaja. Nilimwambia: mashine hiyo ndiyo ya mtihani wako. Mradi ukienda pale bila kukwama, utakwenda popote penye karakana katika nchi hii. Kisha apime. Asiwaambie waalimu "inakwenda vizuri". Awape jedwali la milisekunde, picha ngapi zilichelewa, na wakati gani. Bomba lenye pembetatu elfu chache halihitaji mashine ya tajiri.

Juu ya programu za kutengenezea nina maoni ambayo wengine hawatayapenda. Kuna injini za michezo zilizo tayari, nazo huokoa muda mwingi, sikatazi. Lakini mwaka 2023, mwezi Septemba, kampuni ya Unity, ambayo injini yake inatumiwa na watengenezaji wengi wadogo duniani, ilitangaza kwamba itatoza ada kila mchezo unapowekwa kwenye mashine ya mtumiaji, baada ya kiwango fulani. Watengenezaji wakapiga kelele, kampuni ikalegeza, na mwaka uliofuata ikaifuta kabisa ada hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kuwapunguza kazini watu 1,800 hivi, robo ya wafanyakazi wake. Ukijenga nyumba juu ya kiwanja cha mwenye nyumba, kodi ikipanda usishangae. Kuna Godot, iliyoanzwa na watu wawili wa Ajentina na kufunguliwa kwa wote mwaka 2014. Kuna Blender ya kuchongea maumbo, ambayo mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga yuro 100,000 ili iwe huru, na mpaka leo ni ya bure. Mwanachama yeyote wa chama anaijua maana ya mchango wa namna hiyo. Mpwa wangu atatumia hizo kwa dirisha, sauti na maumbo. Hesabu ya mvuke na maji ataiandika kwa mkono wake, kwa kuwa hiyo ndiyo waalimu watakayomwuliza.

Limebaki jambo ambalo hasa ndilo la chama. Miaka michache iliyopita kijana mwingine wa mji huu alipewa kichwa cha mradi na kampuni moja. Aliahidiwa "uzoefu". Alifanya kazi miezi mitano, nauli kutoka mfukoni mwa mama yake, chakula hakuna. Alipomaliza, kampuni ikaichukua programu na kuitumia. Jina lake halikuwekwa popote, na alipoomba nakala ili aionyeshe anapotafuta kazi, akaambiwa ni mali ya kampuni. Huo ni ufundi uliochukuliwa bure, na haubadiliki kwa kuitwa elimu. Kule Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wanaosafisha maudhui mabaya kwa niaba ya makampuni makubwa ya kompyuta walipiga kura kuunda chama chao, baada ya kuona kwamba kazi ya kioo nayo ina nyapara. Vijana wetu wasingoje waajiriwe ndipo wajue hilo.

Kwa hiyo, kabla mwanafunzi hajakanyaga karakana ya mtu, iwepo karatasi moja, hata ya mistari kumi. Iseme nani atalipa nauli na chakula. Iseme programu ni ya nani, na kwamba mwandishi anabaki na nakala yake. Iseme mafundi waliotoa maelezo wametajwa. Na iseme kwamba picha hii haitatumiwa kama kisingizio cha kumwondoa fundi mkongwe anayefundisha wageni. Wenzangu wawili waliniuliza juu ya hilo la mwisho, nao wana haki ya kuogopa. Jibu langu ni kwamba kioo kinaonyesha maji, lakini hakikushiki mkono siku ya kwanza ukitetemeka. Viwe viwili pamoja.

Waalimu wa vyuo wanaosoma ukurasa huu nawaomba kitu kimoja. Msimpe alama kijana wa mfumo wa hoteli kwa sababu mnaujua, na kumnyima wa bomba kwa sababu hamjawahi kuona. Mwiteni fundi mmoja akae nanyi siku ya utetezi.

Na maandishi kwenye kioo yawe ya Kinyarwanda na Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi nchini tangu mwaka 2017, na karakana za mji huu wa mpakani zimekizungumza siku zote.

Wiki iliyopita kijana alikuja tena, safari hii na daftari. Aliniuliza gurudumu la vali kuu huzungushwa mara ngapi mpaka lifunguke lote. Nikamjibu. Aliniuliza bomba likiwa baridi mimi hutumia muda gani. Nikasema nafungua kidogo, nasikiliza, nangoja mpaka kijibomba kiache kutema maji, ndipo naongeza. Aliandika, kisha akainua kichwa: "Ni sekunde ngapi, mjomba?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo nimefanya kwa sikio. Tumekubaliana Jumatatu aje na saa, kabla ya zamu ya asubuhi; ruhusa nimekwisha kuiomba, na ile karatasi ya mistari kumi iko kwa katibu wa tawi ikingoja sahihi.